Hesabu Hadi Kumi

Chumba cha Simu, Makao Makuu ya Chuo
6 Februari

Kwako Kitinda Mimba,

Salamu zikukute umekaa, maana najua ukiwa umesimama huzisomi. Mimi mzima. Shemeji yako mzima wa mwili, uvivu ndio unamsumbua. Wapwa zako wanakula kana kwamba kesho chakula kitapigwa marufuku. Mama goti bado, ila mdomo umepona kabisa; juzi kamtimua muuguzi kwa kosa la kumwita bibi. Msalimie sana wifi yangu. Mwambie sweta alilonifumia limenibana kifuani lakini navaa hivyo hivyo, watu wajue na mimi nina wifi.

Simu yako najua umeizima tangu mkuu wako wa idara aanze kukupigia hata ukiwa bafuni. Basi tutaandikiana kama enzi zako za bweni. Mfuko wa barua wa chuo unakuja huko tawini kila Jumatano, na anayeufunga ni mimi, nani atanikagua?

Sasa sikia vituko. Miaka kumi na tisa nipo kwenye swichibodi hii nikiunganisha watu, na mwaka huu nimepewa kazi ya kuunganisha machozi. Chuo kimeanzisha Simu ya Faraja, namba 44, kwa wafanyakazi waliozidiwa na mawazo. Walimu, makarani, wafagizi, yeyote. Msajili alikata utepe akapigwa picha ameweka mkono wa simu sikioni, akitikisa kichwa kwa huruma, na waya wenyewe ulikuwa haujachomekwa. Mshauri nasaha yupo Jumanne na Alhamisi tu. Siku nyingine napokea mimi, nawaambia wapige Jumanne. Na laini ni moja. Mmoja akiwa hewani, mwingine anakuta inatumika, angoje zamu yake ya kulia.

Utaratibu wangu haujabadilika. Kila simu inayopita kwangu inaingia kwenye daftari: jina, idara, sababu ya kupiga. Ijumaa daftari linapanda kwa Msajili. Mshauri nasaha, mama wa watu, akaniuliza, "Hata hizi za faraja unaziandika?" Nikamwambia daftari hili halina ukurasa wa siri, na asiyetaka kuandikwa asipige. Mpigaji wa kwanza alikuwa mwalimu wa kemia. Nikamuuliza sababu, akaanza kulia. Nikaandika: kulia. Wa pili ni mtunza maktaba, anasema vitabu vinamtazama. Nilicheka hadi nikafunika simu kwa kiganja.

Wasomi wenu hawa! Niandikie, usiniache nife kwa kicheko peke yangu.

Dada yako

*

Tawini
27 Februari

Dada,

Barua yako ilifika upesi, majibu ndiyo yaliyokwama. Nisamehe. Wifi yako anakusalimu, anasema sweta hilo lilifumwa kwa vipimo ulivyotuma mwenyewe, kwa hiyo lawama azipokee aliyejipima. Binti yetu kang'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele za watu. Mpe Mama pole ya goti.

Hapa kazi imekuwa nyingi. Unamkumbuka jirani yangu wa meza, yule niliyekuwa namwita Mzee wa Ramani? Muhula uliopita, katikati ya kipindi, aliweka chaki mezani, akatoka nje, hakurudi tena. Wanasema yuko kwa binti yake. Miwani yake bado ipo kwenye meza na hakuna anayethubutu kuigusa. Wanafunzi wake nimepewa mimi. Sasa nina mia nne na kumi na mbili katika ukumbi wa mia mbili, wengine wanasikilizia madirishani.

Koo linanisumbua kidogo. Likinibana naandika kila kitu ubaoni mpaka saa iishe, na wanafunzi wananakili tu. Wamenipa jina, wananiita Ubao. Si jina baya.

Nina swali, Dada, na nakuuliza wewe kwa kuwa ulikuwa mkubwa. Baba alikuwa anaumwa nini ile miaka miwili? Mimi nilikuwa na miaka minne. Mama nikimuuliza anahamia kwenye goti.

Na jingine dogo. Hakuna namna ya kuacha nafasi ya jina wazi kwenye daftari lako?

Mdogo wako

*

Chumba cha Simu
14 Machi

Kwako Ubao (nimelipenda),

Sote hatujambo. Mpwa wako mkubwa amefaulu hesabu, nikamwambia damu ya mjomba hiyo, akaniambia mjomba mwenyewe mbona haji? Jibu mwenyewe.

Koo: maji ya uvuguvugu na chumvi, sukutua asubuhi na jioni, na upunguze kupayuka. Nyinyi walimu mnadhani mwanafunzi akiwa dirishani hasikii mpaka mpige kelele. Wiki moja tu utakuwa unaimba.

Baba alikuwa na homa. Homa ilimganda, ikamwachia, na alikuja kufa kwa jambo jingine kabisa. Ya kale hayo, usinifukulie.

Nafasi wazi kwenye daftari? Niache wazi, Msajili anione nimeanza kuzeeka?

Sasa cheka. Nimepata Bubu! Anapiga saa nne asubuhi, na kila mara ni siku ambayo mshauri nasaha hayupo. Napokea: "Simu ya Faraja, jina lako na idara yako?" Kimya. Nasikia pumzi tu, kama mtu aliyepandisha ngazi. Namwuliza tena, kimya. Msajili akatoa sheria: asiyesema, hesabu hadi kumi kisha kata, laini ni moja na wenye shida wapo wengi. Basi mimi nahesabu kwa sauti ili ajue anakoelekea. Jana nilipofika saba akavuta pumzi kama anayetaka kuanza. Nikamwambia, "Enhe! Nane!" Akanywea. Tisa, kumi, kata. Wasichana wa masijala sasa wanakuja chumbani kwangu saa nne kusikiliza. Tunahesabu pamoja kama watoto wanaocheza kujificha.

Watu wazima na mishahara yao. Hebu niambie, mtu anapiga simu kunyamaza kwa faida gani?

Dada yako mwenye afya ya akili

*

Tawini
20 Aprili

Dada,

Hii ni barua ya tano, nne nimezichana. Wifi yako na mtoto wazima. Jino limeanza kuota, limepinda kidogo.

Chumvi nimemaliza pakiti nzima. Koo liko vile vile, na nadhani si koo. Nikiwa peke yangu nasema vizuri. Nikiwa na mtoto nasema. Nikisimama mbele ya watu wanaoningoja niseme, kinafunga kitu hapa, chini kidogo ya shingo, na maneno yote nayaona yamejipanga lakini hakuna linalotoka. Wiki iliyopita nilisimama mbele ya ukumbi dakika kumi na saba. Mwanafunzi mmoja alikuja akanishika kiwiko, akanikalisha. Mkuu wa idara ameniambia nijikaze, kwani hata yeye hachukui likizo.

Umeuliza mtu anapiga simu kunyamaza kwa faida gani. Sijui. Labda alijiandaa kuongea na mgeni, halafu sauti aliyoisikia haikuwa ya mgeni. Labda ukifika kumi yeye alikuwa anahitaji kumi na tano tu. Nakuomba, Dada, siku akipiga tena usihesabu. Na wale wasichana wa masijala waondoe chumbani.

Kuhusu Baba hukunijibu. Homa haimfanyi mtu akae amegeukia ukuta. Hilo nalikumbuka, mgongo wake nauona mpaka leo, na shati la mistari.

Mdogo wako

*

Chumba cha Simu
3 Mei

Kwako Kitinda Mimba mwenye huruma za bei ya jumla,

Tu wazima. Mama kapewa fimbo ya kutembelea, anaitumia kuwanyooshea watu.

Barua yako imekuwa ndefu kwa mambo ya koo. Mtu akikaa na mia nne ndani ya chumba cha mia mbili lazima hewa iishe, hilo halihitaji daktari. Lala mapema, kula vizuri, acha kusoma sana. Wewe tangu utotoni ukikwaruzwa na mwiba unataka kufungwa bendeji mwili mzima.

Na Baba nimeshasema, homa.

Habari kubwa ni hii: Bubu nimemkamata! Fundi amenifungia kibao kidogo juu ya swichibodi, simu ya ndani ikiita kinaonyesha namba inakotoka. Za nje hakionyeshi, ila za ofisini na za matawini zote kinazitaja. Jumatatu saa nne ikalia. Nikapokea kwa sauti tamu kabisa, "Simu ya Faraja, karibu, jina lako na idara?" Kimya. Safari hii sikuhesabu, nilitulia nikinakili. Nadhani naye alishangaa, maana nilimsikia akimeza mate, akatoa sauti kama "da", basi. Nilikuwa nimeshamaliza, nikakata. Namba 617. Nikaiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: 617, mara kumi na nne, sababu: mchezo. Msajili alikuja mwenyewe chumbani kwangu akanipa mkono. Miaka kumi na tisa hajawahi kukanyaga humu.

Namba zinazoanza na sita ni za tawi lenu, zile mpya mlizofungiwa Januari. Hebu pita pita ofisini uniambie ni nani. Nataka kujua sura yake.

Dada yako mpelelezi

*

Kwa posta, si kwa mfuko wa chuo
31 Mei

Dada,

617 ni meza yangu.

Niliitwa mbele ya kamati tarehe kumi na sita. Walikuwa watano, na nakala ya daftari lako, mwandiko wako, wino mwekundu. Kosa: kuchezea huduma ya dharura mara kumi na nne na kuwanyima nafasi wahitaji. Mwenyekiti akaniambia nijieleze. Unajua kilichotokea. Nilisimama. Maneno niliyaona. Yule mama mshauri nasaha alikuwepo pembeni, akasema, "Jamani, huyu ndiye mhitaji mwenyewe," wakamwambia hakuitwa kutoa maoni. Mwenyekiti akavua saa yake akaiweka mezani, akanipa dakika tano. Zilipokwisha akaandika: mtuhumiwa amekataa kujibu, dharau.

Nimesimamishwa kazi. Mfuko wa barua wa chuo siruhusiwi kuutumia tena, ndiyo maana hii imekuja na stempu.

Mara ya kwanza nilipopiga nilichanganya siku, sikujua utapokea wewe. Nilidhani atapokea mshauri. Mara kumi na tatu zilizofuata nilijua. Nilikuwa nataka kusema "Dada", nione kama hilo moja litatoka.

Wifi yako mzima. Mtoto anacheka tena.

Mdogo wako

*

Nyumbani
22 Juni

Kwako mdogo wangu,

Tu wazima wote. Mvua zimeleta ukungu kwenye ukuta wa chumba cha watoto na shemeji yako anasema atapaka rangi, anasema tangu mwaka juzi. Mama nimemwambia una likizo. Usiniumbue.

Nimeisoma barua yako na nimeiweka. Sasa na mimi niseme. Ningejuaje? Nakuuliza, ningejuaje? Una mdomo, una kalamu, una mke. Unaniandikia koo, nakuandikia chumvi. Ungeandika mstari mmoja, "Dada, ni mimi," kuna ugumu gani? Umeniacha nicheke na wasichana wa masijala wiki nane, wewe umekaa upande wa pili unanisikiliza nikikucheka. Huoni kwamba na mimi umenifanyia ubaya? Mimi ndiye ninayepita koridoni sasa, watu wananiangalia. Masijala hawaji tena chumbani kwangu. Msajili kanisifu mbele ya kikao kizima kwa kumkamata mdogo wangu mwenyewe, na nikasema asante. Nikasema asante! Ulitaka nisemeje?

Utaratibu ni utaratibu. Angekuwa mwingine ningemwandika, kwa hiyo nimekuandika na wewe. Sikupendelea.

Nimekutumia blanketi kwa wifi. Ni zito, la baridi.

Dada yako

*

Nyumbani kwangu
16 Julai

Dada,

Blanketi limefika, asante. Mtoto amelichukua.

Nimekwenda hospitali kuu, wifi yako alinipeleka kwa mkono kama mzigo. Daktari ni mtu mzima, haharakishi. Alinipa karatasi niandike badala ya kusema. Swali la kwanza kwenye fomu yake: je, kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi? Nikaandika: sijui. Akasema nikaulize nyumbani, kwa sababu jibu hilo ndilo litakalomwongoza, dawa ipi na kwa muda gani, na kama ni ugonjwa ambao mtu huwa anapona au la. Nimemwandikia Mama. Amejibu kuhusu goti.

Kwa hiyo umebaki wewe, na sitaki barua. Kwenye barua utaandika homa. Nataka kukusikia ukisema.

Jumatano ya tarehe 7 Agosti, saa nne kamili asubuhi, nitapiga 44 kutoka nje, kwa simu ya wifi yako. Nimechagua Jumatano kwa kuwa mshauri hayupo na laini ni yako. Nyumbani kwako sipigi, shemeji atapokea, watoto watataka kunisalimu, nitafunga tena. Nimefanya mazoezi ya sentensi moja: "Dada, ni mimi, usikate." Nikishindwa kuisema, wewe usikate tu. Usihesabu. Uniambie Baba alikuwa na nini, mimi nitasikiliza. Sikudai kitu kingine, hata samahani sikudai.

Mdogo wako

*

Chumba cha Simu
30 Julai

Kwako mdogo wangu,

Barua nimeipata. Jumatano, saa nne kamili. Nitakuwepo.

Unajua hiki unachokiomba sijawahi kumwambia hata shemeji yako. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wewe ulikuwa unacheza uani. Basi.

Piga tu.

Dada yako

*

Chumba cha Simu
7 Agosti, saa sita mchana

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Leo sina habari ya goti wala ya ukungu. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Nilifika saa moja na nusu. Nilifunga mlango kwa ufunguo. Kile kibao cha namba nilikifunika kwa kitambaa, makusudi, kwa heshima yako, ili nisikuchunguze tena kama mwizi. Daftari nikalifungia kabatini. Saa nne kasoro dakika mbili ikalia. Nikasema moyoni, huyu daima anawahi. Nikapokea, sikusema jina wala idara. Nikasema, "Nipo. Sikati." Ukanyamaza. Nikasikia ile pumzi yako ya ngazi, nikaanza kulia kabla sijasema neno.

Yote nilikuambia, siyo? Nilikuambia ya chumba cha nyuma, na sahani, na kwamba ni mimi niliyekuwa napeleka. Nilikuambia Baba alikuwa na nini na nani alituamuru tuiite homa. Nilikuambia nilichomfanyia siku ile nilipochoka na kimya chake, na kwamba nilihesabu. Ndiyo, hata kwake nilihesabu. Sasa unajua nilikojifunzia. Sikudhani ningelitamka kabla sijaingia kaburini.

Na samahani niliisema, najua hukuidai. Niliisema mara nyingi mpaka ikaanza kunichekesha.

Mara mbili ulijaribu kuongea. Nilisikia sauti ikitaka kutoka, nikakuwahi, nikakuambia, "Subiri mdogo wangu, nimalize kwanza, nikinyamaza sitarudia tena." Ukasubiri. Una subira wewe, Mungu akupe. Kuna wakati nilisikia kengele ya kipindi nyuma yako nikashangaa, kisha nikasema labda mmehamia karibu na shule. Saa tano hivi ukakata mwenyewe, polepole, mkono wa simu ukagusa kitako chake kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Nikajua umeridhika.

Haikupita dakika ikalia tena, mwingine huyo, kimya. Sikuwa na nguvu zaidi. Nikamwambia, "Leo basi, ndugu yangu, piga kesho," nikaweka chini. Kuhesabu sikuhesabu. Sitahesabu tena maishani.

Habari za Baba sitaziandika wala sitazirudia. Karatasi si mahali pake, na wewe sasa unazo. Mpelekee daktari. Nimekuwa mwepesi, mdogo wangu, nimekula mkate mzima peke yangu.

Barua hii naiweka posta mwenyewe, sasa hivi.

Dada yako, anayekupenda

*

Nyumbani kwangu
7 Agosti, alasiri

Dada,

Asubuhi sauti ilikuwepo. Nataka ujue hilo. Niliamka nikasema ile sentensi mbele ya ukuta, ikatoka. Nikaisema mbele ya wifi yako, ikatoka, akashika mdomo wake. Akamchukua mtoto wakaenda kukaa uani ili niwe peke yangu.

Saa nne kamili nikapiga. Inatumika. Nikasema labda ni mtu mmoja, atamaliza. Saa nne na dakika tano, inatumika. Na robo, inatumika. Nimepiga mara ishirini na mbili, na kila mara nilikuwa na sentensi yangu mdomoni. Baada ya nusu saa ilianza kupungua. Kwanza "usikate" ilipotea, kisha "ni mimi". Kufikia saa tano nilikuwa na "Dada" tu.

Saa tano na dakika moja ikaita. Ukapokea. Nikasikia umelia, au una mafua. Nikavuta pumzi. Ukasema, "Leo basi, ndugu yangu, piga kesho." Ukakata. Safari hii niliyehesabu ni mimi. Sikufika nne.

Sijui ulikuwa unaongea na nani saa nzima. Atakuwa mwenye shida, maana hiyo ndiyo kazi ya namba 44, na laini ni moja. Natumaini ulimsikiliza. Sina hasira naye.

Barua yako ikija sitaifungua, nimemwambia wifi yako aiweke na zile nyingine. Najua itakuwa na maelezo, na sina pa kuyaweka.

Kesho nalazwa, kitanda kimepatikana. Daktari atarudi na fomu yake, kwenye lile swali la kwanza, kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi. Nitamwandikia kwamba hakuna. Baba alikuwa na homa.

Mdogo wako